Vimbweta vinane: shajara ya ujenzi chuoni kwetu, Juni 2024 hadi Januari 2025

Mimi ni mwalimu wa uashi katika chuo kidogo cha maendeleo ya wananchi mkoani Dodoma. Vyuo vyetu vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wa Sweden. Leo vipo zaidi ya 50 nchi nzima, na vingi vinapokea wanafunzi wengi kuliko majengo yaliyopo. Naandika haya kwa mwalimu au kiongozi wa wanafunzi anayetaka kujenga vimbweta, yaani meza na mabenchi ya zege ya kujisomea nje, kwa mikono ya wanafunzi wake. Kila hatua ikikamilika nitaongeza. Pale tulipokosea nitaeleza kwa urefu, maana ndipo fedha zilipopotelea.

Jumamosi, 15 Juni 2024. Kwa nini vimbweta

Mwaka jana tulikuwa na wanafunzi 112. Mwaka huu tumeandikisha 187. Vitanda vimeongezwa mabwenini, bwalo asubuhi ni darasa la ushonaji, na foleni ya chakula inafika hadi kwenye karakana ya uchomeleaji. Mgeni akisikia namba hizo anauliza tunahitaji madarasa mangapi. Madarasa tunayahitaji, ndiyo. Lakini tatizo kubwa zaidi linaanza saa kumi jioni, vipindi vikiisha. Madarasa yana vifaa, yanafungwa. Bwalo linafungwa saa tatu usiku. Bwenini hakuna meza.

Wiki iliyopita nikiwa zamu ya usiku nilimkuta mwanafunzi wa umeme wa majumbani amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, nje ya choo, kwa sababu taa ya choo ndiyo pekee inayowaka usiku kucha. Daftari liko gotini, anachora mzunguko wa swichi ya njia mbili. Akanisalimia, shikamoo mwalimu, kisha akauliza bila kulalamika: "Mwalimu, sisi tukapigie msuli wapi?" Yaani wakajisomee wapi.

Sikuwa na jibu. Siku ya Jumatatu nikaenda kwa mkuu wa chuo na mchoro wa kimbweta: meza ya zege na mabenchi mawili ya zege, wanakaa watu sita, haihamishiki, haiibiki, hailiwi na mchwa. Waliosoma vyuo vikuu vya nchi hii wanavijua. Vinane vinakalisha watu 48 kwa wakati mmoja.

Bajeti iliyopitishwa ni Sh 1,050,000, sehemu kubwa ikitokana na mauzo ya matofali ya darasa langu. Kazi ni ya wanafunzi 14 wa uashi mwaka wa pili, kila Jumamosi, nayo inahesabiwa kama mafunzo kwa vitendo. Wenzetu wa umeme watafunga taa.

22 Juni. Kivuli kinahama

Tulichagua uwanja wenye miarobaini mikubwa kati ya bwalo na mabweni. Saa nne asubuhi tulipiga vigingi, tukafunga kamba, tukachimba misingi ya vimbweta vitatu kwenye kivuli kizuri kabisa. Saa saba tulikuwa tumemaliza, na nilikuwa nimeridhika.

Mama mpishi akapita na ungo wa majani ya mlenda. Akatazama mashimo, akasema: "Mwalimu, hapo jioni ni jua tupu. Mimi naanika mboga zangu hapo."

Alikuwa sahihi. Tulichimba upande wa magharibi wa miti, ambako kivuli kipo asubuhi, wakati wanafunzi wote wako darasani. Kuanzia saa tisa kivuli kinalala upande wa mashariki. Tulirudi saa kumi na chokaa, tukachora mpaka wa kivuli, tukarudia saa kumi na moja, na kimbweta kikawekwa mahali ambapo michoro yote miwili ilikutana. Kumbuka pia kwamba Dodoma iko kusini ya ikweta: mwezi Juni jua limeegemea kaskazini na kivuli kinasogea kidogo kusini, Desemba mambo yanageuka. Usiweke meza ukingoni mwa kivuli cha Juni.

Gharama ya kosa hili ni Jumamosi moja na mashimo matatu ya kufukia. Mama mpishi nimemwomba apitie kila mchoro kuanzia sasa. Anakaa uwanja huu kuliko mtu mwingine yeyote.

6 Julai. Mchanga

Kirikuu (gari dogo la mizigo) ya kwanza ya mchanga ilitoka korongo la jirani, Sh 25,000. Bei nzuri, rangi nzuri. Kabla ya kuchanganya niliwataka vijana waupime kwa chupa, kipimo ambacho kila mwaka nafundisha ubaoni na mara chache nakifanya kwa kweli. Chupa ya plastiki iliyo wazi, mchanga hadi nusu, maji na chumvi kidogo, tikisa sana, weka chini bila kuigusa kwa saa kadhaa. Mchanga unatangulia chini, tope linakaa juu yake kama tabaka la kahawia.

Tope likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mchanga huo haufai kwa zege. Chupa yetu ilionyesha karibu sehemu moja kati ya tano. Tope hilo linazunguka chembe za mchanga na kuizuia saruji isishike. Mchanga wote tukaumwaga kwenye mashimo ya tarehe 22 na njia ya kwenda bwenini. Tukanunua kirikuu mbili kutoka mbali zaidi, Sh 35,000 kila moja. Chupa ya pili tope lake lilikuwa jembamba kama kucha.

Ukinunua, nenda na chupa. Mwenye gari atakusubiri ukimwambia mapema.

13 Julai. Zege la kwanza, nyufa za kwanza

Vipimo tulivyofuata: meza urefu wa mita 1.8, upana sm 75, unene sm 7. Benchi mita 1.8 kwa sm 35, unene sm 6. Zege uwiano wa 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto. Nondo za mm 8, za urefu kila sm 15 na za kukatiza kila sm 20.

Niliamua tumwage mabamba chini, juu ya marini bodi, ubao mpana wa kumwagia zege, iliyopakwa oili, halafu yakikauka tuyageuze na kuyaweka juu ya miguu ya matofali. Sababu ni kwamba upande unaogusa bodi unatoka laini kama kioo, na nilitaka meza ambazo mtu anaweza kuandikia bila kalamu kutoboa karatasi.

Tulianza kuchanganya saa tano, tukamaliza kumwaga saa saba mchana. Julai hapa kwetu upepo unavuma mkavu mchana kutwa. Saa tisa meza ilikuwa na nyufa, si moja, kama tope la bwawa lililokauka. Vijana walidhani saruji ni mbovu. Haikuwa saruji. Jua na upepo vilinyonya maji ya juu kabla zege halijaanza kushika, uso ukajikunja, ukapasuka.

Kosa likazaa kosa. Bomba la chuo siku hiyo lilikuwa halitoi maji, nikaruhusu wamwagilie kwa maji ya kisima kifupi kilicho nyuma ya zizi. Maji yale yana chumvi, hata mbuzi wanayasusa. Baada ya siku mbili uso wa zege ulikuwa na ukungu mweupe. Chumvi ikipenya hadi kwenye nondo inaleta kutu, na kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Nilijua hilo. Niliruhusu kwa haraka ya kuokoa kazi ambayo tayari ilikuwa imeharibika. Maji usiyoweza kuyanywa usiyape zege lenye nondo.

20 Julai. Mara ya pili

Tulihamisha ratiba. Kuchanganya saa kumi jioni, upepo ukianza kupungua. Bodi na ardhi vikaloweshwa kwanza. Zege likishapigwa mwiko tu, tukalifunika karatasi ya nailoni, na asubuhi magunia mabichi juu yake. Magunia yalimwagiliwa asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba, maji ya bomba, yaliyohifadhiwa kwenye pipa tangu Alhamisi. Tulipanga zamu ukutani, wawili wawili, na hata wanafunzi wa ushonaji walijiandikisha kwa sababu pipa lilikuwa dirishani kwao.

Hakuna ufa hata mmoja. Tuliyapa mabamba siku 14.

3 Agosti. Benchi linavunjika

Asubuhi tuligeuza benchi. Kilo 90 hivi, watu wanne wanalimudu. Uso ulitoka laini, unang'aa, vijana wakapiga picha. Tukaliweka juu ya miguu yake. Wanafunzi watatu wakakaa, wa nne akajibana katikati, na benchi likatoa sauti kama kijiti kikavu. Halikuanguka. Lilipasuka upande wa chini katikati kabisa, ufa ukapanda hadi karibu na juu.

Nilichukua nyundo nikalivunja mbele ya darasa ili tuone ndani. Nondo zilikuwa juu. Zote.

Maelezo yake ni haya, na ningependa msomaji ayaelewe vizuri kuliko kitu kingine chochote katika shajara hii. Benchi limeshikwa miisho miwili. Ukikaa katikati linajipinda kuelekea chini: upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Zege linavumilia sana kubanwa, lakini halivumilii kuvutwa. Nondo ndizo zinazobeba mvuto huo, hivyo lazima ziwe upande wa chini. Wanafunzi wangu walifanya nilivyowafundisha: waliweka biskuti, vile vipande vidogo vya zege, chini ya nondo, ili nondo zikae karibu na chini. Kisha mimi nikawaambia tugeuze bamba. Chini ikawa juu, na nondo zikaenda nayo.

Kosa ni langu mimi, na nililisema mbele ya darasa. Kijana mmoja akauliza kwa adabu kama na kwenye meza nondo ziko vilevile. Ziko vilevile. Meza ile ya kilo zaidi ya 220 hatukuthubutu kuipandisha. Tuliivunja pale pale chini.

Nondo nyingi tulizigonga tukazitoa salama. Vipande vilivyopinda kabisa ukivijumlisha ni nondo moja nzima. Mpaka hapa saruji iliyopotea ni mifuko 3.

Kuna njia ya kugeuza na bado ukawa sawa: unazipandisha nondo zikaribie uso wa juu wakati wa kumwaga, ukijua juu ndiyo itakuwa chini. Sikuichagua. Wiki moja mtu akisahau, benchi linamvunjia mtu mguu. Tumeamua kumwagia papo hapo juu ya miguu, bodi ikishikiliwa na mbao chini yake, bila kugeuza wala kunyanyua chochote. Ulaini wa juu tutautafuta kwa mwiko na saruji kavu iliyochekechwa.

10 Agosti

Hakuna kazi wiki hii. Wanafunzi wa kilimo na mifugo wako viwanja vya Nzuguni kwa maonyesho ya kilimo ya Nane Nane, na nusu ya darasa langu limeenda nao kusaidia kusimamisha banda.

17 Agosti hadi 7 Septemba. Vinne vimesimama

Kimbweta kimoja kila Jumamosi. Marini bodi moja inatosha meza na benchi moja. Benchi la pili tunatumia mbao chakavu kutoka karakana ya useremala. Mbao za pembeni zinatolewa kesho yake, bodi ya chini inakaa siku saba, Jumamosi inayofuata inahamia kimbweta kingine. Mdundo huo ulikuja wenyewe na umetufaa.

Miguu ni matofali 18 ya bloku kwa kila kimbweta, yaliyofyatuliwa darasani. Kimo cha meza sm 75, cha benchi sm 45.

Siku ya tano tu baada ya kufungua kile cha kwanza, nilikuta vikundi vitatu vinakigombea. Wa umeme walikuwa na mtihani, wa ushonaji walikuwa na vitambaa vya kukata, na kulikuwa na kundi la wasichana wa kidato, yaani wa masomo ya sekondari, waliokuwa wanasomeana kwa sauti. Wakagawana: umeme upande mmoja, kidato upande wa pili, na ushonaji wakapewa saa moja ya mwanzo kabla ya giza. Kabla ya hapo makundi haya yalikuwa yakisalimiana tu njiani.

14 Septemba. Nafasi ya mtoto

Chuoni kwetu wapo mabinti waliokatishwa masomo na ujauzito, wanasoma elimu ya sekondari pamoja na fani, chini ya programu ya Elimu Haina Mwisho. Wanakuja na watoto wao. Watoto wana chumba cha malezi wakati wa vipindi, lakini jioni kila mama yuko na wake.

Jumatano jioni nilikaa mbali kidogo nikitazama vimbweta vinavyotumika. Binti mmoja alikuja na mtoto wa kama miezi minane, akajaribu kukaa na mtoto mapajani. Haikuwezekana. Kati ya ukingo wa benchi na ukingo wa meza niliacha sm 15, nafasi ya kutosha mtu aliye peke yake kuingiza magoti. Akageuka ubavu, mgongo kwa wenzake, mtoto akinyonya, kitabu cha hesabu kimeegemea paja la pili, akiandika kwa mkono uliopinda. Alikaa hivyo karibu saa nzima. Meza nzuri ya zege ilikuwa nyuma yake, haimsaidii kitu.

Nilipomfuata kumuuliza, alisimama kwa heshima na kusema: "Hamna shida, mwalimu, nimezoea."

Neno hilo nimerudi nalo nyumbani. Nimepima kila kitu katika kazi hii, nondo, tope, kivuli, na mwili nilioupima ulikuwa wa kijana wa kiume asiye na mzigo. Sikuwauliza. Wao ni 23 kati ya 187.

Leo tulikaa nao, kumi na moja walifika, na mama matroni. Walituambia tusichokijua. Nafasi iwe pana. Benchi moja liwe na ukuta wa kuegemea, kwa sababu kunyonyesha bila egemeo kunaumiza mgongo. Mtoto anayetambaa awe na mahali ambapo mama anaweza kumwona bila kusimama. Na vimbweta vyao visitengwe pembeni. Wanataka kukaa na wenzao.

Kwa hiyo (naongeza baada ya kuvimaliza) kimbweta cha tano na cha sita tumevibadilisha. Nafasi ni sm 28. Benchi moja la kila kimbweta limepewa kiegemeo cha matofali, kozi (safu) mbili juu ya zege, kimepigwa plasta na pembe zimeviringishwa. Kati ya vimbweta hivyo viwili tumezungushia kozi moja ya tofali na kujaza mchanga safi uliochekechwa, mita 2 kwa 2. Gharama ya ziada ilikuwa saruji kidogo na mchanga uliobaki. Mama matroni, ambaye mwanzoni alihofia wavulana na wasichana kukaa pamoja usiku, ndiye aliyependekeza viwe vya katikati, mbele ya dirisha lake.

5 Oktoba

Cha nane kimemwagwa. Hakuna la kusimulia. Wanafunzi walifanya wenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, mimi nilishika pima maji, kifaa cha kupimia usawa, tu.

12 hadi 26 Oktoba. Taa

Tulinunua taa mbili za sola zenye paneli juu yake, Sh 45,000 kila moja, tukazisimika kwenye nguzo katikati ya vimbweta. Usiku wa kwanza ziliwaka hadi saa mbili na nusu, zikafifia, zikazima. Usiku wa pili hivyo hivyo. Nilifikiri betri.

Mwanafunzi yule wa ndoo ndiye aliyeinua kichwa mchana akacheka: paneli ziko chini ya miarobaini. Tuliweka vimbweta kivulini kwa makusudi, halafu tukaweka vyombo vinavyokula jua mahali hapo hapo. Taa zote mbili zimehamia njia ya choo cha wasichana, ambako jua linazipiga kutwa, na zinawaka hadi alfajiri. Njia hiyo ilihitaji taa kuliko hata vimbweta, na hakuna aliyekuwa ameomba.

Kwa vimbweta tumevuta umeme kutoka karakana. Waya ndani ya bomba, umefukiwa sm 50, nguzo za mabomba ya chuma zilizochomelewa hapa hapa, balbu nane za wati 9. Wanafunzi wa umeme waliweka pia swichi inayokata umeme wenyewe ukivuja, na waya wa ardhi kwenye kila nguzo. Msiliache hili: watu wanaegemea nguzo hizo wakiwa peku, na mvua inakuja.

Mhasibu aliogopa gharama ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tukapiga hesabu mbele yake: wati 72, saa nne kila usiku, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne na nusu, ni chini ya uniti 9 kwa mwezi. Akasaini. Mlinzi ndiye anazima, na kabla ya kuzima anapita akisema "dakika tano, wanangu".

9 Novemba. Hesabu

Saruji mifuko 21 kwa 16,500: Sh 346,500
Nondo mm 8, vipande 22 kwa 12,000: 264,000
Waya wa kufungia, kilo 3: 12,000
Kokoto, kirikuu 2: 110,000
Mchanga, kirikuu 3: 95,000
Marini bodi 1: 58,000
Misumari na oili: 9,000
Umeme, waya, bomba, swichi na balbu: 214,000
Taa za sola 2: 90,000
Chai na mihogo ya Jumamosi: 84,000
Jumla: Sh 1,282,500

Tumezidisha bajeti kwa Sh 232,500. Pengo limezibwa na mauzo ya matofali ya Septemba na Oktoba. Kila kimbweta kimesimama kwa takriban Sh 160,300 pamoja na taa yake. Ukitoa mifuko 3 iliyopotea, mchanga wa korongo, nondo moja na zile taa zilizohamia njia ya choo, yaani Sh 176,500, kimbweta kingekuwa Sh 138,250. Matofali hayamo kwenye hesabu hii kwa sababu ni kazi ya darasa. Ukinunua, ongeza 18 kwa kila kimbweta kwa bei ya kwenu. Kazi ya mikono nayo haimo, na chuo kisicho na darasa la uashi kitalipa fundi na saidia fundi.

Jumapili mabinti wanasukana kwenye vimbweta. Mkuu wa chuo alitaka kuzuia kula pale. Serikali ya wanafunzi ikaomba wiki mbili za majaribio na ikaweka zamu ya usafi. Mpaka leo panafagiliwa kila asubuhi kabla sijafika.

18 Januari 2025. Baada ya mvua

Mvua zilianza vizuri mwezi Desemba na zimeonyesha tulichosahau. Meza tumezipima kwa pima maji zikalala sawasawa kabisa, kwa hiyo maji yanatuama. Baada ya mvua ya dakika kumi meza inakuwa na dimbwi jembamba hadi kesho yake, na daftari la mtu mmoja limeshaharibika. Meza ilipaswa kuinamia upande mmoja kama sm 1. Jicho halitaona, kalamu haitabingirika, maji yataondoka. Tumeanza kuongeza tabaka jembamba la saruji na mchanga laini kwenye meza mbili, baada ya kuuchokoa uso wa zamani kwa patasi ili lishike. La kwanza limebanduka pembeni kwa sababu vijana hawakulowesha uso wa chini kabla ya kupaka. La pili limeshika.

Ardhi inayozunguka mabenchi imekuwa tope. Tumemwaga kokoto zilizobaki kwenye vimbweta vya kina mama kwanza. Vingine vitasubiri.

Kumbikumbi nao walijaa kwenye balbu nyeupe usiku wa mvua ya kwanza, watu wakakimbia na vitabu. Tumebadilisha balbu nne kuwa za manjano, wanakuja wachache zaidi.

Wanafunzi wapya wameanza kuripoti, na waliothibitisha hadi leo ni 203. Jana jioni nilimkuta mmoja amefika na sanduku lake la bati, hajapangiwa hata kitanda, amekaa kimbweta cha sita pamoja na binti wa mwaka jana, anasaidiwa kujaza fomu. Mtoto yuko kwenye mchanga. Sasa anatembea.

Cha tisa tunamwaga tarehe 25, saa kumi jioni, mashariki ya mwarobaini wa mwisho, meza ikiinama sm 1 kuelekea kaskazini. Mama mpishi ameshapaona.